Mafundi wa bima wameniharibia vitu, sasa nisaini dola 400?

SWALI: Jambo Papa. Ninakaa Bel-Air, hapa Lubumbashi. Mwezi wa kwanza upepo wa mvua uling'oa mabati ya upande mmoja wa nyumba yetu. Tuna asiransi ya nyumba, mume wangu anailipa kila mwaka. Walikuja kuangalia, wakakubali, wakatuletea antreprenere wao, sisi hatukumchagua. Mafundi wake walifungua mabati mengine pamoja na dari ya salon, na jioni wakaenda zao bila kufunika. Usiku mvua ikanyesha. Fotei zote zililowa, matelasi mbili, na sanduku la vitenge vyangu, ndani yake mlikuwa na vya mama yangu marehemu. Televisheni waliiangusha wakati wa kuhamisha vitu. Waliporudisha nyaya za umeme, kongelateri, friji ya kugandisha, ilitoa harufu ya kuungua na haijawaka tena. Ilikuwa na samaki ninaouza. Antreprenere anasema: waone watu wa asiransi. Asiransi wanasema: huyo si mfanyakazi wetu. Sasa wameleta karatasi ya dola 400, tusaini yote yaishe. Mume wangu anataka kusaini kwa sababu ya minerval, karo ya shule ya watoto. Tusaini? Na hizo matelasi zinanuka, ninaweza kuzitupa?
Mama wa Bel-Air

JIBU: Mama, msisaini leo. Habari ya minerval ninaielewa, na nitazirudia hizo dola 400, maana kuna namna ya kuzipokea bila kujifunga. Kwanza chukua ile karatasi, shuka hadi mistari ya mwisho, pale herufi zinapoanza kuwa ndogo. Karibu kila mara utakuta maneno haya ya Kifaransa: « pour solde de tout compte ». Kwa Kiswahili chetu: nimelipwa yote, deni limekwisha, sitadai tena. Mara nyingine wanaongeza ahadi ya kutomshitaki mtu yeyote aliyeshiriki kazi ile, na hapo mkandarasi, yule antreprenere wao, naye anatoka kwa mlango huohuo bila kutoa hata franka.

Kabla ya kuacha kazi, nilikadiria hasara za nyumba kwa miaka mingi, na karatasi za aina hiyo nimezipeleka kwa watu mimi mwenyewe. Mama mmoja wa Makomeno, mshonaji, alisaini siku ya Ijumaa kwa sababu Jumatatu watoto wake walikuwa warudishwe nyumbani kwa deni la shule. Jumatano akafungua cherehani zake mbili, akakuta kutu imeshaingia mpaka ndani. Akapanda taksi na cherehani moja mapajani, akaja ofisini. Walimwonyesha saini yake. Sikuwa na neno la kumsaidia, na ile cherehani bado ninaiona.

Kwa hiyo, kama fedha zinabana kweli, mwambieni wakala atoe hizo 400 kama malipo ya kwanza. Juu ya saini mume wako aandike kwa mkono wake: « Reçu à titre d'acompte, sous toutes réserves ». Maana yake amepokea sehemu tu, na haki ya kudai iliyobaki anabaki nayo. Maneno ya « solde de tout compte » yakatwe kwa mstari, pande zote mbili ziweke saini ndogo pembeni. Wakikataa, rudisheni karatasi. Kampuni inayokataa kulipa sehemu ya deni isipopewa ahadi ya kunyamaza, inajua yenyewe kwamba deni ni kubwa kuliko hapo.

Sasa nije kwenye ule mpira wanaowapigia, mmoja anasema nenda kule, mwingine anasema rudi huku. Dawa yake ni karatasi moja: ile iliyomwamuru mkandarasi aanze kazi. Itafuteni kabla ya kitu kingine chochote. Inaweza kuitwa « bon de commande », inaweza kuwa devi, yaani makadirio ya bei ya kazi, iliyogongwa muhuri, inaweza kuwa barua ya mistari mitatu tu. Tazameni jina la aliyeagiza na jina la atakayelipa faktire.

Kampuni ya bima ikikubali hasara, ina njia mbili za kulipa. Inaweza kuwapa fedha mkatafute fundi wenu. Inaweza pia kurekebisha yenyewe kwa mikono ya watu iliowateua. Ikichagua njia ya pili, imejitwika kazi ya kuwarudishia nyumba salama, na haiwezi kusimama kando na kusema fundi ni mgeni kwake. Mkandarasi huyo si mfanyakazi wa kampuni kwa maana ya mshahara, hapo wanasema kweli. Lakini ninyi hamkufunga mkataba na mkandarasi, mlifunga na kampuni; na mtu aliyeahidi kazi kisha akamtuma mwingine aifanye, anabaki na ahadi yake. Ibara ya 33 ya sheria yetu ya mikataba inasema makubaliano yaliyofungwa kihalali ni sheria kwa walioyafunga. Simamieni hapo.

Hali inabadilika kama ni ninyi mliosaini devi ya mkandarasi, hata kama jina lake mlipewa na bima. Watasema: tulipendekeza tu, ninyi mkachagua. Basi mdaiwa wenu wa kwanza anakuwa mkandarasi, na bima inabaki nyuma yake. Kuna pia hali ya katikati, ambayo ndiyo niliikuta mara nyingi: mwenye nyumba alisainishwa karatasi fulani juu ya boneti ya gari, haraka haraka, bila kupewa kopi. Kama ndivyo ilivyokuwa kwenu, ombeni kopi kwa barua. Katika hali zote tatu ushauri wangu ni uleule: barua moja, majina mawili juu yake, kampuni na mkandarasi, kila mmoja aone kwamba mwenzake ameandikiwa.

Kwa upande wa mkandarasi hakuna ubishi mkubwa. Kitabu cha tatu cha sheria yetu ya kiraia ni amri ya tarehe 30 Julai 1888, ya zamani kuliko mji wetu wenyewe, uliozaliwa 1910. Ibara ya 258 inasema tendo lolote la mtu linalomletea mwingine hasara linamlazimisha mwenye kosa kuirekebisha. Ya 259 inaongeza uzembe na kutojali. Ya 260 inamfanya mwenye kazi ajibu kwa wale anaowatuma, wanapokuwa kazini. Kufungua mabati Lubumbashi katika mwezi wa kwanza, halafu kwenda kulala bila turubai, ni uzembe ambao hauhitaji mtaalamu kuuona. Hata mtoto wa hapa anajua mvua zetu zinaanza kuelekea mwezi wa kumi na moja na hazituachi mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Mkandarasi asiseme mvua ni kazi ya Mungu. Usiku ule mvua ilikuwa kwenye kalenda.

Hapa kuna mtego mwingine, na watu wengi wanaingia. Wakala atafungua kontra yenu, ule mkataba wa bima, aseme: « Mlikatia bima jengo tu, vitu vya ndani havimo. » Au atasema vimo, lakini lazima kukata franshizi, ile sehemu ya kila hasara ambayo mwenye bima anajibebea. Majibu yote mawili yanachanganya hasara mbili. Ya kwanza ni upepo uliong'oa mabati. Hiyo inafuata kontra, pamoja na franshizi yake na mipaka yake. Ya pili ililetwa na kazi ya watu walioingizwa nyumbani kwenu, na ninyi hamdai faida ya kontra juu ya vitu. Mnadai kurudishiwa mlichoharibiwa. Deni la aliyeharibu halina franshizi. Liandikeni hivyo katika barua, sentensi mbili fupi, na msikubali mafaili hayo mawili yafungwe kwa kamba moja.

Kongelateri ndiyo itakayoleta maneno mengi. Fotei iliyolowa kila mtu anaiona. Kongelateri iliyoungua, watasema ni SNEL, shirika la umeme. Na kwa kuwa kila mmoja wetu ana kisa chake cha umeme wa SNEL kumuulia kitu, hata jirani yako atatingisha kichwa akubaliane nao. Kwa hiyo itengeneze hoja yako polepole. Uliza nyumba za kushoto na kulia, zile zilizo kwenye laini moja na wewe, kama siku ile kuna kitu kilichoungua kwao. Kama hakuna, waandike hivyo kwa mkono, jina, tarehe na saini. Halafu tafuta fundi friji anayejua kuandika, si kutengeneza tu. Aifungue mbele ya shahidi, aandike ni kipande gani kimekufa na kwa nini. Tena muite fundi umeme aangalie nyaya zilizounganishwa juu ya dari. Kama nyumba yenu inapokea faze tatu, na fundi wa mkandarasi alikosea waya wa nyutro au akauacha umelegea, vifaa vya volti 220 vinaweza kupelekewa hadi karibu volti 380. Vinaungua mara moja, na mara nyingi zaidi ya kimoja. Kuna taa zilizokufa siku ile? Chaja ya simu? Redio? Ziandike zote hata kama bei yake ni ndogo, kwa sababu vitu vitatu kuungua kwa saa moja kwenye nyumba moja, majirani wakiwa salama, kunamaliza hadithi ya SNEL. Mpaka fundi umeme atakapomaliza kuandika, msiguse zile nyaya. Na kwa usalama wa watoto, zimeni laini hiyo.

Kuhusu bei. Kampuni itakata uchakavu, ile wanaita vetuste. Kongelateri mpya kama yenu tuseme ni dola 600 leo, mna nayo miaka 4, wao wanaihesabia maisha ya miaka 10: wanatoa asilimia 40, zinabaki 360. Hesabu hiyo si wizi, msiikasirikie. Msichokubali ni ile ya kukata nusu ya kila kitu bila kuangalia umri wala hali, au kuchukua bei mliyonunulia zamani na kuikata uchakavu juu yake. Kianzio ni bei ya leo. Pita madukani mjini, ombeni profoma mbili au tatu za kitu cha aina ileile. Pita pia Soko Kenya kwa vitu vya mkono wa pili, kwa sababu swali la haki ni hili: leo mtatoa kiasi gani ili mpate kongelateri ya miaka 4 inayofanya kazi? Kama ya mkono wa pili yenye hali hiyo inauzwa 420, basi 360 ya kampuni haitoshi, hata kama hesabu yake ni safi. Kitu kinachotengenezeka, kama fotei za mbao nzuri, dai gharama ya kutengeneza: sponji mpya, kitambaa, kazi ya fundi, kwa devi iliyosainiwa.

Samaki nao wamo. Sheria inahesabu mali iliyopotea na pia faida uliyozuiliwa kuipata. Wengi wanadai samaki waliooza na kusahau siku ambazo hawakuuza. Kama una daftari la mauzo, hata la penseli, litoe. Kama huna, muuzaji wako wa jumla aandike ulikuwa unachukua katoni ngapi kwa wiki. Dai muda wa kweli, siku ambazo mtu wa kawaida angehitaji kupata kongelateri nyingine. Ukidai miezi sita, mhakiki, yule anayekadiria hasara, ataanza kutilia shaka hata zile fotei.

Na vitenge. Hapa, Mama, ninaandika polepole. Vyako wewe vina bei: andika kimoja kimoja, aina ya waksi, yadi ngapi, bei yake sokoni leo, na vipi vinasafishika. Maji yaliyopita kwenye vumbi letu jekundu la darini huacha doa lisilotoka, na dobi anaweza kuliandika hilo. Vile vya mama yako havina duka. Kampuni itatoa bei ya nguo kuukuu. Usiviingize kwenye orodha ya bei. Viandikie aya yake peke yake, useme vilikuwa vya nani na vilitunzwa vipi, na udai kiasi kama fidia ya maumivu. Mahakama zetu zinakubali madai ya namna hiyo. Wakala wa bima mara chache anakubali, lakini aya hiyo inamfanya mtu wa mezani Kinshasa akumbuke kuwa faili ina watu ndani. Na usivitupe. Vikaushe kivulini, kinachotoa rangi usikichanganye na vingine.

Barua iwe ya Kifaransa, maana ndiyo lugha ya ofisi zao, na isizidi kurasa mbili. Isiwe na matusi wala historia ya ukoo. Ianze na namba ya kontra na tarehe ya upepo. Ieleze siku mafundi walipoingia, jina la kapita wao, msimamizi wa mafundi, saa walipoondoka bila kufunika, saa mvua ilipoanza. Orodha ya vitu na jumla yake vifuate kwenye karatasi ya pembeni, kwa dola, « au thamani yake kwa franka kwa kiwango cha siku ya malipo ». Wapeni siku 15. Pigeni kopi za kila kitu, pelekeni wenyewe kwa wakala, kopi yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakisema bosi hayupo, muhuri hauhitaji bosi. Simu na WhatsApp ni nzuri kwa kukumbushana, ila mliyoambiwa kwa simu yaandikieni baadaye: « Leo asubuhi mmetuambia kwamba… »

Kama uwezo upo, kabla ya kupeleka barua mwiteni huisie, yule ofisa wa mahakama anayeandika ushahidi, aje aone na kuandika hali ya nyumba. Analipwa, na gharama hiyo mtaidai pia. Karatasi yake ina uzito ambao picha za simu hazina. Kama uwezo haupo, picha na mashahidi wawili wasio ndugu zenu zitasaidia.

Mara nyingi barua iliyoandikwa vizuri inaongeza ile 400 bila kwenda mbali. Wakileta mhakiki wao, mpokeeni, atembee, lakini mwe na orodha yenu mkononi na msisaini yake kama kuna kitu amekiacha. Msipokubaliana na namba zake mnaweza kuleta mhakiki wenu. Wawili wakishindwana, wanamchagua wa tatu. Angalieni kontra inagawaje gharama za huyo wa tatu. Kwa madai ya dola mia tano sidhani kama inafaa. Kwa dola elfu mbili, ndiyo.

Siku 15 zikipita kimya, kuna ARCA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini. Zamani Sonas, kampuni ya bima ya serikali, ilikuwa peke yake sokoni na ukigombana nayo ulikuwa unagombana na ukuta. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na ikaweka msimamizi huyo ambaye kumlinda mwenye bima ni sehemu ya kazi yake. Malalamiko kwake yawe ya maandishi, pamoja na kopi ya barua yenu yenye muhuri. ARCA haiko pale kuwa hakimu wa fotei zenu, lakini kampuni inayoishi kwa kibali chake haipendi kuulizwa nayo.

Baada ya hapo ni mahakama. Madai yasiyozidi franka 2.500.000 yanaenda tribinali ya amani, na yaliyozidi hapo yanapanda juu, ambako ningewashauri msiende bila avoka, yaani wakili. Usipunguze madai yako ili tu yaingie kwenye tribinali ndogo kabla hujapiga hesabu ya kinachopotea. Na kumbuka kwamba hakimu asipopewa risiti, profoma wala ripoti, anakata kiasi kwa busara yake, na busara hiyo kwa kawaida ni ya mkono mfupi. Ndiyo maana nimekusumbua na makaratasi tangu mwanzo.

Polisi msiende. Najua mume wako atashauriwa amfungishe kapita kwa siku mbili ili alipe. Kuharibu bila kukusudia ni mambo ya fidia, hayana jela. Mtalipa wa kumkamata, familia yake italipa wa kumfungua, na fotei zitabaki vilevile. Kama kuna kitu kilichoibwa, hiyo ni habari nyingine.

Matelasi sasa. Najua harufu, na mna watoto. Zitoeni ndani leo, zikae nje ya nyumba ndani ya lupango, ule uwanja wenu wenye ua, juu ya matofali, chini ya kitu kisichopitisha mvua. Zipigeni picha pande zote, karibu na mbali, na lebo yenye jina la kiwanda na unene ionekane. Katika barua andikeni kwamba vitu vilivyoharibika vinahifadhiwa kwa siku 15 ili vikaguliwe, na kwamba baada ya hapo vitatupwa kwa sababu za afya. Siku zikipita bila mtu kuja, mwite jirani mmoja awe shahidi, kata kipande cha sponji chenye doa pamoja na ile lebo, viweke kwenye mfuko wa plastiki ndani ya faili. Zilizobaki tupa.